Amri ya Nane na Mafundi wa Chuma: Tafakari juu ya Utafiti wa Historia ya Ufundi Nchini Mwetu

Utangulizi

Kwa muda wa karibu nusu karne wanaakiolojia na wanahistoria wameandika mengi juu ya ufundi wa watu wa Tanzania. Wameeleza jinsi wazee walivyotoa chuma katika mawe, jinsi walivyofua majembe na mikuki, na jinsi vizazi vya karibu zaidi vilivyoipokea reli. Sehemu kubwa ya maandiko hayo inawahusu watu wa Nyanda za Juu Kusini na majirani zao, yaani Wafipa, Wanyiha na Wapangwa, pamoja na Wahaya walioko magharibi mwa Ziwa Viktoria. Hata hivyo ni nadra kuyasikia yakitajwa mimbarani, na ni nadra vilevile kuyakuta katika orodha za vitabu vya wanafunzi wa theolojia. Katika makala haya tunakusudia kuyapima baadhi yake, na kuonyesha kwa nini mchungaji hana budi kuyajua.

Tunaandika haya tukiwa Mgololo, wilayani Mufindi, mahali ambapo habari ya ufundi haiwezi kusahauliwa. Kiwanda cha karatasi kilianza kazi hapa mwaka 1985, kikitumia miti ya msitu wa Sao Hill, nacho kilijengwa kiweze kutoa tani 60,000 za karatasi kwa mwaka. Kilipita katika miaka ya kusimama, kikabinafsishwa mwaka 2004, na kwa jina la Mufindi Paper Mills kimejulikana kwa karatasi ngumu za kufungashia. Reli ya TAZARA nayo inapita katika eneo hili, ikipanda kutoka bonde la Kilombero kuelekea Makambako. Anayehubiri Mgololo anahubiri mbele ya watu wanaoishi kwa mbao, mvuke na chuma.

Swali letu kwa maandiko tunayoyachambua ni moja: je, yanawashuhudia kweli watu wanaowahusu? Kipimo tutakachokitumia si kigeni kwa msomaji wetu. Ni Amri ya Nane, kama tunavyoihesabu katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, ile inayokataza kumshuhudia jirani uongo.

Jirani aliyekufa

Kila mwanafunzi wa kipaimara anajua kwamba Luther, alipoifafanua amri hii, hakuishia kwenye katazo. Alifundisha kwamba tunapaswa kumtetea jirani, kumsema vema, na kuyaelekeza mambo yake upande ulio mwema. Kwa kawaida tunaifundisha amri hii tukifikiri juu ya majungu ya kijijini na ushahidi wa mahakamani. Lakini mtu aliyekufa naye ni jirani, na tena ni jirani mwenye uhitaji kuliko wote, kwa maana hawezi kusimama na kujibu. Anayeandika historia anasimama kizimbani kutoa ushahidi juu ya watu wasioweza kumpinga.

Ushahidi wa uongo juu ya wafu una sura mbili. Sura ya kwanza ni dharau. Yapo mahubiri, hasa siku za jubilei, yanayoanza kwa kusema kwamba kabla ya mwaka 1891, wamisionari wa Berlin na wa Moraviani walipoingia Unyakyusa, nchi hii ilikuwa giza tupu, na watu wake hawakuwa na kazi wala maarifa. Mhubiri anayesema hivyo amechanganya mambo mawili. Kutolisikia jina la Kristo ni jambo moja. Kutojua kulima, kujenga na kuyeyusha chuma ni jambo jingine. Nabii Isaya, katika sura ya 28, anasema wazi kwamba mkulima anayejua majira ya kupanda na namna ya kupura amefundishwa na Mungu wake. Katika Kutoka 31, Bezaleli anajazwa Roho kwa ajili ya kazi ya mikono. Anayesema kwamba babu zetu hawakujua neno hawatukuzi wamisionari. Anamnyima Muumba sifa yake.

Sura ya pili ya uongo ni sifa zisizo na ushahidi. Hii ni hatari mpya zaidi, nayo huvutia hasa vijana wasomi. Kwa kuwa babu zetu walidharauliwa, tunashawishika kuwapa ubora ambao hatujauthibitisha. Amri ya Nane haituruhusu hilo pia. Kumsema vema jirani si kumtungia habari. Vitabu tunavyovichambua vinatufaa kwa sababu vinagusa sura zote mbili.

Tanuru la Uhaya: upendo na uthibitisho

Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science makala iliyosomwa na wengi. Schmidt alikuwa amechimba Katuruka, karibu na Bukoba, mahali ambapo masimulizi ya Wahaya yanamtaja mfalme Rugomora Mahe na wahunzi wake. Chini ya ardhi aliyoonyeshwa na wazee alikuta mabaki ya kale mno ya kazi ya chuma. Zaidi ya hayo, wazee waliokuwa wameacha kuyeyusha chuma miaka mingi walijenga tena tanuru kwa kumbukumbu, wakaweka manyasi ya kinamasi yaliyochomwa chini yake, wakaingiza mirija mirefu ya udongo, wakavukuta, na chuma kikapatikana.

Katika jambo hili kazi ya Schmidt inastahili heshima kubwa. Aliwauliza wazee kama watu wenye kujua. Hakuanza kwa kuchimba na baadaye kutafuta hadithi ya kupambia alichokipata. Alisikiliza kwanza, akachimba baadaye, na ardhi ikakubaliana na wazee kwa kiasi cha kushangaza. Kwa wasomi wengi wa wakati ule masimulizi ya mdomo yalikuwa hekaya tu. Schmidt aliyafanya yawe ushahidi unaoweza kupimwa.

Lakini Schmidt na Avery walidai jambo jingine pia. Walisema kwamba kwa kuwa mirija iliingia ndani kabisa ya tanuru, hewa ilipashwa moto kabla ya kuufikia mkaa, na hivyo Wahaya waligundua karne nyingi zilizopita jambo ambalo Ulaya ililijua katika karne ya 19. Dai hili lilipingwa. Wataalamu wengine wa madini walipiga hesabu za joto na kusema kwamba hewa isingeweza kupata moto wa kutosha ndani ya mirija kiasi cha kuleta tofauti kubwa. Mabishano yaliendelea kwa miaka mingi, na Schmidt alirudi kuyajibu katika kitabu chake cha mwaka 1997 kuhusu ufundi wa chuma Afrika Mashariki.

Tuseme nini juu ya mabishano haya? Wapo watakaoona kwamba kila anayempinga Schmidt anaendeleza dharau ya kikoloni. Hatukubaliani nao. Dai la kwamba hewa ilipashwa moto ni dai la kipimo, na dai la kipimo hujibiwa kwa kipimo. Heshima ya mzee wa Kihaya haitegemei kama alimtangulia Mzungu kwa jambo hili au lile. Alipata chuma kizuri kwa udongo, mkaa, manyasi na pumzi ya mivukuto, na hayo hayana mpinzani. Mtu anayeona kwamba babu yake hana heshima mpaka amshinde Mzungu bado amemwachia Mzungu kazi ya kuwa kipimo. Katika hili tunaona udhaifu wa makala ya mwaka 1978: ilianza kwa kumsikiliza fundi katika mazingira yake, lakini ilipotaka kumtukuza ilimwingiza katika mashindano ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuyajua.

Ufipa na Upangwa: dawa ndani ya tanuru

Tukigeukia upande wetu wa kusini, swali linabadilika. Anayesafiri Ufipa bado anaweza kuona malungu yamesimama: matanuru marefu ya udongo wa kichuguu, mengine yakikaribia mita tatu kwa kimo. Hayakuhitaji mivukuto. Hewa ilijiingiza yenyewe kwa mirija iliyopangwa chini, na moto uliwaka kwa siku kadhaa. Chuma kilichopatikana kilisafishwa katika tanuru dogo lililoitwa kintengwe, ambalo lilivukutwa. Ofisa wa kikoloni Greig aliielezea kazi hii mwaka 1937 katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na mwaka 1965 Beverley Brock na mwenzake wakaeleza kazi ya chuma ya Wanyiha, majirani wa Wafipa. Bertram Mapunda, mwanaakiolojia Mtanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alifanya utafiti wa kina katika eneo la Ufipa kwa ajili ya shahada yake ya udaktari ya mwaka 1995, na baadaye akatoa kitabu mwaka 2010.

Mchango wa Mapunda unahitaji kutiliwa mkazo. Alionyesha kwamba Ufipa haukuwa na ufundi mmoja uliodumu bila kubadilika tangu zamani za kale. Mbali na malungu na vintengwe, alitambua aina nyingine ya kuyeyusha chuma, iitwayo katukutu, inayojulikana kwa mabaki yake kuliko kwa masimulizi ya wenyeji. Maana yake ni kwamba mafundi walihama, walijaribu, waliacha njia moja na kushika nyingine. Kwa maneno mengine, walikuwa na historia. Tunaposema katika mahubiri au hotuba kwamba hivi ndivyo mila ilivyokuwa tangu asili, tunawanyang'anya wazee historia hiyo, kana kwamba kufikiri na kubadilika ni mambo yaliyokuja na meli.

Swali gumu zaidi kwa mchungaji limo katika kazi ya Randi Barndon, msomi wa Norway, aliyechapisha mwaka 2004 ulinganisho wa kuyeyusha chuma kwa Wapangwa na kwa Wafipa. Anaeleza kwamba tanuru lilifikiriwa kama mwili wa mwanamke, na kazi yenyewe kama mimba na uzazi. Mafundi walijitenga na wake zao. Dawa ziliwekwa ndani ya tanuru. Fundi mkuu alikuwa fundi na mganga kwa pamoja. Barndon anakataa kuyaweka mambo haya pembeni kama mapambo. Kwake, mawazo haya yalikuwa sehemu ya ufundi wenyewe, kwa sababu ndiyo yaliyopanga nani afanye kazi, lini, wapi, na kwa utaratibu gani. Eugenia Herbert alikuwa amekwisha kufungua njia hiyo mwaka 1993 katika kitabu chake kilichohusu chuma, jinsia na mamlaka barani Afrika.

Mbele ya habari kama hizi wasomaji wa Kikristo hugawanyika mara mbili. Wa kwanza husema: huo ni ushirikina, basi na ufundi wake haufai kutajwa kanisani. Wa pili husema: dawa zilikuwa siri ya kikemia iliyofichwa, kwa hiyo hapakuwa na ibada yoyote, ilikuwa sayansi tu. Wote wawili wanamshuhudia jirani uongo. Wa kwanza anakana kwamba chuma kilipatikana. Wa pili anakana kwamba fundi aliomba. Fundi wa Kipangwa alijua mawe yapi yana chuma, mkaa wa mti upi unafaa, na moto uwakeje. Tena aliamini kwamba kazi yake ilihitaji kibali cha wasioonekana. Ushahidi wa kweli unayasema yote mawili bila kulimeza moja kwa ajili ya jingine.

Hata hivyo tunao upungufu wa kuutaja katika maandiko ya aina ya Barndon. Mfano wa tumbo la uzazi unapendeza, na msomi anayeupata hushawishika kuuona kila mahali. Herbert ni mwangalifu zaidi katika jambo moja: anauliza ni nani aliyenufaika na mfano huo. Tanuru lilikuwa mwanamke, lakini kwa sehemu nyingi wanawake wenyewe walizuiwa kulikaribia. Wanaume waliuchukua uzazi kwa mfano na kuwatenga wanaozaa kwa kweli. Mwanafunzi wa theolojia asilipite jambo hili haraka. Kanisa nalo huitwa mama, na si mara zote mama hao waliotoa mfano walipewa nafasi ya kusema ndani yake.

Mwana wa myeyusha shaba

Ili swali la dawa na ufundi lieleweke vizuri, inafaa tuangalie tanuru jingine, lile lililomlea Luther mwenyewe. Baba yake, Hans Luder, alihamia Mansfeld mwaka 1484 na kuwa bwana wa matanuru ya shaba. Martin alikua katika mji wa wachimbaji na wayeyushaji, watu waliofanya kazi ya hatari chini ya ardhi na mbele ya moto, wakimwita Mtakatifu Anna awalinde. Mwaka 1505, radi ilipompigia karibu na Stotternheim, kijana yule hakumwita mwingine ila Anna, mlinzi wa wachimbaji, akaweka nadhiri ya kuwa mtawa.

Hakuna mwanahistoria anayesema kwamba kwa kuwa watu wa Mansfeld walimwita Anna, basi hawakuwa na teknolojia ya shaba. Wala hakuna anayesema kwamba maombi yao kwa Anna yalikuwa kemia iliyofichwa. Kwao tunakubali bila shida kwamba mtu mmoja aweza kuwa fundi stadi na kuwa na imani ambayo Matengenezo ya Kanisa yalikuja kuihoji. Haki tunayompa myeyusha shaba wa Mansfeld tumpe na myeyusha chuma wa Ludewa. Tusipofanya hivyo, hatuihukumu imani yake kwa Neno. Tunamhukumu yeye kwa mahali alipozaliwa.

Akiolojia imefanya kazi Mansfeld pia. Mwaka 2003 kulichimbwa shimo la taka katika nyumba ya wazazi wa Luther, na vitu vilivyopatikana vilionyeshwa mjini Halle mwaka 2008: mifupa ya nguruwe, ya kuku na ya bata bukini, mabaki ya samaki, hata gololi za udongo za watoto. Luther uzeeni alipenda kumtaja baba yake kama mchimbaji maskini. Shimo la taka lilionyesha nyumba iliyokula vizuri. Walutheri wa Ujerumani hawakuona kwamba ni kufuru kupima maneno ya Luther kwa mifupa ya jikoni mwa mama yake. Basi na sisi tusiogope masimulizi yetu, ya ukoo na ya Kanisa, yakipimwa kwa kilichomo ardhini.

Reli na watu wake

Ufundi wa Nyanda za Juu haukuishia kwenye malungu. Mwaka 2009 Jamie Monson alitoa kitabu juu ya TAZARA, na sehemu kubwa ya kitabu hicho inahusu kipande cha Mlimba hadi Makambako, ambacho ndicho kipande chetu. Habari ya reli hii kwa kawaida huelezwa kwa ukubwa wake: kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kazi iliyoanza mwaka 1970 na reli kukabidhiwa mwaka 1976, mkopo wa China baada ya nchi za Magharibi na Benki ya Dunia kukataa, shaba ya Zambia iliyotafuta njia ya bahari baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao mwaka 1965. Katika simulizi hilo wahusika ni Nyerere, Kaunda na viongozi wa China.

Monson anawaleta wengine. Alisoma stakabadhi za mizigo katika vituo vidogo, akawahoji waliojenga na wanaosafiri, akaonyesha kwamba reli iliyojengwa kwa ajili ya shaba ilichukuliwa na wakulima na wachuuzi wakaifanya njia ya mahindi, mchele na ndizi. Treni ya kawaida, ile inayosimama kila kituo, ikawa riziki ya watu ambao wapangaji wa mradi hawakuwafikiria sana. Kwa kipimo chetu huu ni ushahidi mwema: unawatetea watu wadogo dhidi ya kusahauliwa. Msomaji wa Mgololo atawatambua majirani zake katika kurasa hizo.

Tungependa hata hivyo kusikia zaidi juu ya mambo mawili. La kwanza ni ujuzi. Monson anaeleza vizuri jinsi mafundi wa Kichina walivyofundisha kwa vitendo, lakini kijana wa Kitanzania anaonekana zaidi kama aliyefundishwa kuliko kama aliyekwisha kujua jambo. Waliojenga mahandaki na madaraja kati ya Mlimba na Makambako walijua miamba, mvua na miteremko ya nchi yao. La pili ni imani. Watu waliofanya kazi gizani ndani ya mlima waliomba nini, na kwa nani? Barndon aliuliza swali hilo kwa wayeyusha chuma. Kwa nini lisiulizwe kwa wajenzi wa reli? Inaonekana wasomi humpa Mwafrika dini anaposimama mbele ya tanuru la kale, na kumnyang'anya anaposimama mbele ya injini. Huko nako ni kumgawa mtu mmoja vipande viwili.

Kwenda kwa Wafilisti kunoa majembe

Kitabu cha Herbert, kitabu cha Schmidt cha mwaka 1997, na kitabu cha Monson vyote vilitolewa na shirika la uchapaji la Chuo Kikuu cha Indiana, nchini Marekani. Kazi ya Barndon ilitolewa Uingereza. Ya Mapunda ya mwaka 2010 ilitoka Kampala, karibu zaidi, lakini nayo ni kwa Kiingereza. Wazee waliotoa maarifa hayo waliyatoa kwa lugha zao na kwa Kiswahili. Mgololo inatoa karatasi. Habari za watu wa nyanda hizi zinachapwa kwenye karatasi za mbali, kwa lugha ambayo wengi wao hawaisomi.

Katika 1 Samweli 13 tunasoma kwamba Israeli hawakuwa na mhunzi, nao iliwalazimu kushuka kwa Wafilisti kunoa majembe na mashoka yao. Babu zetu walipita katika hali hiyo majembe ya kigeni yalipojaa sokoni wakati wa ukoloni na matanuru yakazimwa moja baada ya jingine. Leo tunashuka kwa wengine kunoa hata kumbukumbu zetu. Hatusemi hivi kwa kuwalaumu watafiti wa nje; bila wao mengi yangepotea kabisa. Schmidt mwenyewe ameeleza, katika kitabu cha mwaka 2017, jinsi wanakijiji wa Katuruka walivyochukua hatua ya kutunza na kufufua historia ya mahali pao, baada ya ugonjwa wa UKIMWI kuondoa wengi waliobeba kumbukumbu. Huko Iringa, Boma la enzi ya Wajerumani lilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2016, na Chuo Kikuu cha Iringa, ambacho ni cha Kanisa letu, kilishiriki. Kumbe inawezekana.

Jambo hili lina uzito wa leo. Mwaka 2011 ulitiwa saini mkataba na kampuni ya China juu ya chuma cha Liganga na makaa ya mawe ya Mchuchuma, wilayani Ludewa, na tangu hapo Liganga imetajwa mara nyingi kama mwanzo wa uchumi wa chuma nchini. Mchungaji wa Ludewa atakayeombwa kubariki kazi ya aina hiyo asiseme kwamba chuma kinaanza leo. Anasimama juu ya ardhi ya Wapangwa waliokipata kwa moto wao wenyewe. Akilisema hilo kwa uaminifu, waumini wake watajua kwamba hawaingii katika kazi ya chuma kama watu waliokutwa mikono mitupu, na huenda wakauliza kwa ujasiri zaidi juu ya ardhi yao na malipo yao.

Hitimisho

Tumeona kwamba vitabu hivi vimeondoa uongo mwingi. Schmidt amewarudishia wazee nafasi ya shahidi, Mapunda amewarudishia mafundi historia yao, Barndon na Herbert wamekataa kuigawa kazi na imani, na Monson ameandika majina ya vituo vidogo katika historia ya reli kubwa. Tumeona pia mapungufu: mashindano yasiyo ya lazima na Ulaya, mfano wa uzazi unaovutwa mno, na ukimya juu ya imani ya watu wa zama za injini. Ayubu 28 inatupa kipimo cha mwisho. Sura hiyo inamsifu mwanadamu anayetoboa mlima na kutoa chuma ardhini, kisha inauliza hekima yenyewe inapatikana wapi. Haidharau tanuru, wala hailiabudu.

Kwa wanafunzi wetu tunatoa pendekezo moja. Waliokuwa vijana kiwandani Mgololo mwaka 1985 sasa ni wazee. Wanajua jinsi magogo yalivyogeuzwa kuwa uji na uji kuwa karatasi, jinsi mashine ilivyosimama, na waliishi vipi iliposimama. Wengi wao huketi katika viti vya makanisa yetu kila Jumapili. Kila mwanafunzi anayekwenda kwenye mafunzo ya vitendo usharikani achukue daftari, amhoji fundi mmoja mzee, aandike kwa Kiswahili ujuzi wake na sala zake, amsomee alichoandika, na asahihishwe naye. Nakala moja ibaki usharikani na nyingine iletwe maktaba ya chuo.